Bei Ikishuka, Nani Hulipa? Detroit, Toyota na Shenzhen

Tarehe 23 Mei 2025 kampuni ya BYD, yenye makao yake Shenzhen, ilishusha kwa mpigo mmoja bei za aina 22 za magari yake. Punguzo kubwa kabisa lilifika asilimia 34. Seagull, gari dogo la umeme ambalo hata kabla ya hapo lilikuwa miongoni mwa magari nafuu zaidi duniani, liliteremka hadi yuani 55,800, fedha isiyofika dola 8,000. Washindani wakafuata, na hisa za watengenezaji magari zikaporomoka. Siku hizohizo Wei Jianjun, mwenyekiti wa Great Wall Motor, alitamka hadharani kwamba sekta ya magari ya China tayari inayo Evergrande yake, ila bado haijapasuka. Hakuna Mchina aliyehitaji kuelezwa alichomaanisha, maana kila mmoja aliona jinsi jitu lile la ujenzi wa majumba lilivyoanguka chini ya mzigo wa madeni. Mwezi ulipokwisha chama cha watengenezaji magari cha nchi hiyo kikatoa tamko la kulaani vita vya bei, pasipo kutaja jina la yeyote.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kizuri ndicho kilichokuwa kikijitembeza. BYD haikuwa kampuni inayozama. Mwaka 2024 iliuza magari milioni 4.27, ya umeme mtupu pamoja na ya haibridi, na hakuna kampuni nyingine ya China iliyoikaribia katika uwanja huo. Kwa nini aliye mbele akimbie kama anayefukuzwa?

Jibu linalotolewa Washington na Brussels ni ruzuku: serikali ya China imemwaga fedha, basi magari yakawa rahisi. Jibu linalotolewa Beijing ni uhodari: wahandisi wa China wamefanya kazi usiku na mchana, basi wameshinda. Yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili yananiacha na swali lilelile. Ruzuku ya kununulia magari ya umeme, iliyotolewa na serikali kuu, ilikoma mwishoni mwa 2022, na vita vikali zaidi vya bei vikaanza baada ya hapo. Uhodari nao unaeleza kwa nini gari ni zuri, lakini hauelezi kwa nini liuzwe karibu na hasara. Naona jibu liko kwingine, katika mila. Kila taifa lililojenga viwanda vya magari limejiwekea desturi yake ya ushindani: nani anaruhusiwa kuzaliwa, nani anaachwa afe, na gharama ya vita humwangukia nani. Mila ya China haieleweki vizuri mpaka iwekwe kando ya mila mbili zilizoitangulia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilikuwa na mamia ya watengenezaji magari, na baadhi yao walitengeneza ya umeme: Baker wa Cleveland, kwa mfano, na Detroit Electric iliyoanza 1907. Henry Ford alitoa Model T mwaka 1908 kwa takriban dola 850. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, aliweka mstari unaotembea, gari likawa linamfuata fundi badala ya fundi kulifuata gari, na kazi ya kuunganisha chesisi iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12 ikamalizika kwa dakika 93. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 gari lilelile liliuzwa chini ya dola 300. Na Januari 1914 Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya ule wa awali. Bei ilishuka, ujira ukapanda, na kilicholipia tofauti hiyo ni mbinu mpya ya kazi. Wafanyakazi nao walilipa kwa namna yao, kwa kuwa kazi ya mstarini ilichosha akili kiasi kwamba watu walikuwa wakiiacha kwa maelfu. Dola 5 zile zilikuwa za kuwashika wasiondoke.

Lakini uchumi ulipodorora mwaka 1920 na 1921, Ford alionyesha uso mwingine. Aliwapelekea mawakala wake magari ambayo hawakuyaagiza, akawataka walipe taslimu, na asiyelipa alihatarisha uwakala wake. Mawakala wakakimbilia benki za miji yao kukopa. Ford hakukopa hata senti, kwa sababu mawakala walikopa kwa niaba yake. Kisa hiki ni cha kukumbukwa, kwa kuwa miaka 100 baadaye kitatokea tena Shenzhen, ila wanaokopeshwa kwa lazima watakuwa watu wengine.

Aliyemshinda Ford hakumshinda kwa bei. Alfred Sloan wa General Motors aliuza rangi, sura mpya kila mwaka, na mkopo wa kununulia gari. Model T ilifungwa 1927 baada ya magari milioni 15. Waliobaki nje ya wakubwa watatu, yaani General Motors, Ford na Chrysler, walikufa mmoja mmoja: Hudson na Nash waliungana mwaka 1954 ili wasizame, jina la Packard likatoweka 1958, na Studebaker ikatoa gari lake la mwisho 1966. Hakuna gavana aliyekuwa na hisa ndani ya Packard. Benki ilipofunga mkono, kampuni ilifunga mlango. Waliposalia watatu, vita vilipoa vikawa ujirani mwema wa matajiri, na Detroit ikazoea kuuza magari makubwa kwa faida kubwa, mpaka Wajapani walipofika na magari madogo yasiyoharibika ovyo. Serikali ya Marekani ilikuja kuokoa watengenezaji, naam, kama mwaka 2009, lakini waliookolewa walikuwa General Motors na Chrysler, yaani wakubwa.

Japani inasemwa sana kama nchi ya utii, viwanda vikipokea amri kutoka wizarani. Historia ya magari yake inakataa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wizara ya Biashara ya Kimataifa na Viwanda ilitaka watengenezaji wawekwe katika makundi machache na mlango ufungwe kwa wapya. Soichiro Honda wakati huo alikuwa akitengeneza pikipiki. Alipoona mlango unataka kufungwa aliharakisha kutoa magari ya kwanza ya kampuni yake, likiwemo lori dogo la T360, mwaka 1963, ili sheria ikipita imkute yuko ndani. Sheria yenyewe haikupita.

Kilichoitofautisha Japani na Detroit kiliota chini ya vita vya ushindani, katika uhusiano wa kampuni kubwa na wale wanaoiuzia vipuri. Toyota ilikaribia kufilisika mwaka 1950. Benki ziliiokoa kwa masharti, wafanyakazi wakapunguzwa, mgomo ukawaka, na mwanzilishi Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Kutokana na kovu hilo kampuni ilijenga mazoea ya kwenda na watu walewale kwa miongo. Mtengenezaji wa breki au wa taa alitakiwa ashushe gharama mwaka hadi mwaka, na shinikizo lilikuwa halisi, wala nisilipambe. Lakini Toyota ilimpelekea wahandisi wake wamsaidie kuona upotevu uko wapi, na alijua kwamba mwaka ujao kazi bado ni yake. Mji wa Koromo, ulioilea kampuni hiyo, ulibadilishwa jina mwaka 1959 ukaitwa Toyota.

Wajapani nao walijua kupigana. Mwaka 1981 Yamaha ilijigamba kwamba itaipiku Honda katika pikipiki. Honda ikajibu kwa mafuriko ya aina mpya na bei zilizokatwa, na ndani ya miaka miwili maghala ya Yamaha yalijaa pikipiki zisizonunulika. Mwaka 1983 Yamaha ilikubali kushindwa, uongozi wake ukabadilishwa. Kinachonishangaza kila nikisoma habari za vita hivyo ni mwisho wake: aliyeshindwa alikiri, aliyeshinda akaacha kupiga, na kampuni zote mbili zipo hadi leo. Desturi hiyo ya kuishi pamoja ndiyo iliyoiacha Japani na watengenezaji wengi kuliko Marekani, ingawa siku hizi Daihatsu ni mali ya Toyota kabisa, na Subaru, Mazda na Suzuki zimo katika kivuli chake kwa njia ya hisa.

Amani hiyo ilikuja na bei yake, na imelipwa karne hii. Nchi iliyouza Prius mwaka 1997 na Nissan Leaf mwaka 2010 ilikuwa na kila sababu ya kuongoza katika magari ya umeme. Ilikuwa mbele kwa betri, kwa mota, kwa elektroniki. Lakini gari la umeme halina giaboksi ya kawaida, halina bomba la moshi, halina pistoni wala plagi za kuwashia. Kampuni iliyoahidi kutowatupa washirika wake wa miaka 50 inawezaje kesho yake kuwaambia kwamba wanachotengeneza hakihitajiki tena? Toyota ilipita njia ya katikati, haibridi na haidrojeni. Uaminifu ule ule niliousifu hapo juu uliifanya iwe nzito ya kugeuka. Mwaka 2023 China iliipita Japani, ikawa nchi inayouza nje magari mengi kuliko zote.

Sasa twende China, na hapa ndipo pa kukaa.

Mbegu ilipandwa na mtu aliyetoka viwanda vya Ujerumani. Wan Gang alisomea huko uhandisi, akafanya kazi Audi, kisha akarejea nyumbani na hoja moja: China haitawahi kuwafikia Wajerumani na Wajapani katika injini ya petroli, kwa hiyo iruke hatua. Mradi wa taifa wa utafiti wa magari ya umeme ulianza 2001. Mwaka 2007 Wan Gang akawa waziri wa sayansi na teknolojia, ingawa hakuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, na mwaka 2009 ukaanza mpango wa kusambaza magari hayo mijini kwa ruzuku. Ruzuku ilizaa viwanda, na ilizaa pia wezi. Mwaka 2016 Wizara ya Fedha ilizianika kampuni zilizodai fedha kwa mabasi ambayo hayakuwahi kukamilika au hayakuwepo. Kwa miaka kadhaa ruzuku ilitolewa kwa magari yenye betri zilizo katika orodha rasmi, na betri za Wakorea, LG na Samsung, hazikuwemo. CATL ya Ningde, kampuni ya Zeng Yuqun iliyoanzishwa 2011, ilikulia ndani ya boma hilo mpaka ikawa mtengenezaji mkubwa wa betri za magari kuliko wote duniani.

Halafu boma likafunguliwa. Mwaka 2018 Tesla iliruhusiwa kujenga kiwanda Shanghai na kukimiliki peke yake, jambo ambalo hakuna mtengenezaji magari wa kigeni aliyekuwa amelipata. Magari yakaanza kutoka kabla ya 2019 kwisha. Wachina wenyewe walimfananisha mgeni huyo na kambare anayetiwa kwenye pipa la dagaa ili dagaa wachangamke wasife njiani. Walichangamka kweli. Tesla iliposhusha bei mwishoni mwa 2022 na tena Januari 2023, vita vya bei vilianza na havijaisha.

BYD ilikuwa tayari. Wang Chuanfu ni mkemia, aliyeianzisha kampuni mwaka 1995 kwa kutengeneza betri za kuchaji. Mashine za Kijapani za kazi hiyo zilikuwa ghali, hivyo aliigawa kazi katika vipande vidogo, kila kipande akampa mtu. Mwaka 2003 alinunua kiwanda duni cha magari cha Qinchuan huko Xi'an, na wenye hisa wakakasirika. Mwaka 2008 kampuni ya Warren Buffett ilinunua takriban asilimia 10 kwa dola milioni 230. Mwaka 2011 Elon Musk aliulizwa kuhusu BYD katika mahojiano ya televisheni akacheka. Mwaka 2020 ikatoka betri ya Blade, yenye seli ndefu bapa zilizopangwa kama visu, na Machi 2022 kampuni ikaacha kabisa kutengeneza magari ya petroli tupu. Betri, mota, chipu, na hata meli za kupakia magari: vingi inatengeneza au inamiliki yenyewe. Hapa ndipo Wang anapomkaribia Henry Ford kuliko anavyomkaribia Mjapani yeyote. Kiwanda cha Ford cha River Rouge kilipokea madini ya chuma upande mmoja na kutoa magari upande wa pili. Detroit ya baadaye iliacha mtindo huo, Toyota haikuufuata, na sasa umefufuka kusini mwa China.

Hata hivyo, anayeitazama BYD peke yake ataiona China kama Marekani ya 1920 yenye Ford mpya. Mila yenyewe iko Hefei.

Mwanzoni mwa 2020 kampuni ya Nio, iliyoanzishwa na Li Bin mwaka 2014, ilikuwa imeishiwa. Ingekuwa Detroit, ingekufa. Ingekuwa Japani, benki inayoikopesha ingeitafutia mkubwa wa kuimeza. Serikali ya jiji la Hefei, mkoa wa Anhui, pamoja na washirika wake wakaweka yuani bilioni 7, wakachukua karibu robo ya biashara ya Nio ya ndani ya China, kwa sharti kwamba makao ya biashara hiyo yawe Hefei. Nio ikafufuka, hisa zikapanda, jiji likauza sehemu ya hisa zake kwa faida nono, na jina la Hefei likawa linatajwa kila mahali kama mfano wa mamlaka inayojua biashara. Wakuu wa miji mingine walisoma somo hilo mara moja. Shanghai ina SAIC, Guangzhou ina GAC, Beijing ina BAIC, Chongqing ina Changan, Wuhu ina Chery. Kiongozi wa jiji hupimwa kwa ukuaji, ajira na kodi. Kiwanda cha magari humpa vyote vitatu, na kikifungwa mikononi mwake ni doa katika jalada lake. Kwa hiyo hatakubali kife. Japani mji ulichukua jina la kampuni. China kampuni inabeba matumaini ya mji, na mji unajua hivyo.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali la mwanzo. Aliye mbele anakimbia kama anayefukuzwa kwa sababu walio nyuma hawafi. Sloan na Ford waliweza kungoja wadogo wachoke. Honda iliweza kungoja Yamaha ikiri. Wang Chuanfu hawezi kungoja, maana nyuma ya kila mshindani dhaifu kuna ofisi ya jiji yenye ardhi, mkopo na fahari. Njia pekee iliyobaki ni kushusha bei mpaka hata jiji lichoke.

Vifo vipo, nisieleweke vibaya. Mwaka 2019 China ilikuwa na takriban kampuni 500 zilizojiandikisha kutengeneza magari ya umeme, na miaka minne baadaye zilibaki kama 100. WM Motor iliomba ulinzi wa kufilisika Oktoba 2023. HiPhi ilisimamisha kazi Februari 2024. Jiyue, iliyozaliwa na Geely na Baidu, vigogo wawili, ilianguka Desemba mwaka huohuo ndani ya siku chache, na wafanyakazi wakamzingira mkurugenzi wao wakidai haki zao. Lakini zinazokufa mara nyingi ni zile ambazo hazikupata mji wa kuzishika, au mji wao uliishiwa.

Na mila hii imezaa matunda ambayo mila nyingine hazikuzaa, lazima tukiri. Mwaka 2020 magari ya umeme na haibridi za kuchaji yalikuwa kama asilimia 5 ya magari mapya yaliyouzwa China. Mwaka 2024 yalizidi asilimia 40. Shenzhen iligeuza mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme kufikia mwisho wa 2017. Xiaomi, watengenezaji wa simu, walitangaza Machi 2021 kwamba wataunda gari, na miaka mitatu baadaye mwanzilishi wao, Lei Jun, akasimama jukwaani kuizindua SU7 kwa yuani 215,900. Maagizo yakapita 50,000 kabla nusu saa haijaisha. Ulaya gari jipya kwa kawaida huchukua miaka minne au zaidi kutoka mchoro hadi sokoni, na hao walianza bila hata kiwanda. Ninayaona haya kuwa mafanikio makubwa ya uhandisi, na sikubaliani na wanaoyafuta kwa neno moja la ruzuku. Marekani imeyawekea magari ya umeme ya China ushuru wa asilimia 100, Ulaya ikaongeza wake Oktoba 2024, asilimia 17 kwa BYD na 35.3 kwa SAIC juu ya ile 10 ya zamani. Ushuru unazuia gari bandarini tu.

Turudi kwenye bei, na nani huilipa. Mtengenezaji wa China akishusha bei ya gari kwa asilimia 10, barua humfikia mtengenezaji wa viti, wa nyaya, wa vioo: naye ashushe. Akishashusha hulipwa kwa hati ya ahadi, na hati hiyo huiva baada ya miezi. Kiwanda kidogo cha Dongguan au Ningbo kinanunua chuma kwa taslimu, kinalipa mishahara kwa taslimu, kisha kinakaa kungoja. Kwa kipindi hicho chote ndicho kinachomkopesha mkubwa, pasipo riba na pasipo kuulizwa. Mawakala wa Ford walitendwa hivyo kwa msimu mmoja wa dhiki. Kwa China ikawa utaratibu wa kila siku, na ndipo kauli ya Wei Jianjun kuhusu Evergrande inapopata uzito, kwa sababu Evergrande nayo iliwajengea watu nyumba kwa fedha za makandarasi ambao haikuwa imewalipa.

Dawa ya deni kulipa. Juni 2025, baada ya serikali kuwaita, watengenezaji 17 wakubwa waliahidi kuwalipa wauzaji wa vipuri ndani ya siku 60. Sheria ya kuzuia ushindani usio wa haki ikarekebishwa, na toleo jipya lililoanza kutumika tarehe 15 Oktoba 2025 linawakataza wakubwa kuwalazimisha wadogo wakubali masharti ya malipo yasiyo ya haki. Naiona hatua hiyo kuwa na maana kuliko kemeo lolote la vita vya bei. Ukimkataza mtu kushusha bei, atatafuta njia ya kuishusha kwa jina jingine, kwa zawadi au kwa bima ya bure. Ukimlazimisha alipe anachodaiwa kwa wakati, atajua mwenyewe bei yake halisi ni ipi. Toyota ilifika hapo kwa kovu la 1950, na China inajaribu kufika kwa sheria, wakati vita vikiendelea.

Nje ya China gharama hii ina anwani pia. Ford ilipoacha kutengeneza magari Brazil mwaka 2021, eneo la kiwanda chake cha Camaçari, jimbo la Bahia, lilichukuliwa na BYD. Desemba 2024 wakaguzi wa kazi wa Brazil walitangaza kuwakuta wafanyakazi wa ujenzi 163 kutoka China katika hali waliyoieleza kuwa sawa na utumwa, pasipoti za baadhi yao zikiwa zimeshikwa. Waliajiriwa na mkandarasi, kampuni ya Jinjiang, iliyokanusha madai hayo. BYD ilivunja mkataba nayo. Hapohapo ambapo mila ya Detroit ilifungasha virago, mila ya Shenzhen ilijenga kwa haraka yake ya kawaida, na haraka hiyo ilimlaza fundi mahali pasipofaa.

Kwetu anwani iko Lualaba, nchini Kongo, ambako mchimbaji wa Kolwezi huzungumza Kiswahili. CMOC ya China ilinunua sehemu kubwa ya mgodi wa Tenke Fungurume mwaka 2016, kisha Kisanfu mwaka 2020, na CATL ikaingia Kisanfu mwaka uliofuata. Dunia iliambiwa kwamba gari la umeme haliwezi kwenda bila kobalti ya Kongo. Lakini betri ya Blade haina kobalti wala nikeli. Ni ya lithiamu na fosfati ya chuma, nzito kidogo, rahisi zaidi, na isiyoshika moto kwa urahisi. Vita vya bei viliwasukuma watengenezaji kwenye betri ya aina hiyo, na sasa ni zaidi ya theluthi mbili ya betri zinazofungwa katika magari ya China. Wakati huohuo migodi ilikuwa ikitoa kobalti nyingi kuliko ilivyohitajika. Bei ikaanguka vibaya, hata Februari 2025 serikali ya Kongo ikasimamisha kuuza madini hayo nje, na Oktoba ikaweka viwango vya kila mwaka. Uamuzi wa mkemia wa Shenzhen ulikuwa na mkono katika kupunguza kipato cha mtu anayebeba gunia mgongoni Kolwezi, na hakuna ahadi ya siku 60 itakayomfikia huyo.

Magari yenyewe yanakuja. Nairobi mabasi ya umeme ya BYD yalianza kubeba abiria mwaka 2022 kupitia kampuni ya BasiGo. Lakini kwa gari la mtu binafsi, Kenya na Tanzania bado zimeegemea mtumba wa Japani, na sababu kubwa si mapenzi. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi. China huendesha upande wa kulia, kwa hiyo mtumba wake una usukani upande usiotufaa. Rwanda, Burundi na Kongo hazina kizuizi hicho. Nasi gari jipya la Kichina lenye usukani wa kulia tunalipata, kwa kuwa kampuni hizo sasa zinatengeneza kwa ajili ya Thailand, Australia na Uingereza.

Mnunuzi wa Toyota Probox au IST hununua pamoja nayo ile desturi ya Toyota ya kukaa na watengenezaji walewale wa vipuri. Ndiyo maana spea ya gari la miaka 15 inapatikana Kirinyaga Road na Kariakoo bila kuagizwa ng'ambo. Mnunuzi wa gari la umeme kutoka China ananunua desturi nyingine. WM Motor ilipoyumba, wenye magari yake huko huko China walilalamika kwamba programu ya simu inayowasiliana na gari imegoma, na kwamba spea na mafundi wa kampuni hawapatikani. Hao walikuwa nyumbani. Anayeagiza gari la aina hiyo Mombasa au Dar es Salaam, kabla hajauliza litakwenda kilomita ngapi kwa chaji moja, aulize kampuni iliyolitengeneza inashikwa na jiji gani, na jiji hilo bado lina fedha kiasi gani.